Mfa Maji wa Malagarasi

Jumatatu, 22 Juni 1970

Vita vimeanza. Si mimi niliyevianza.

Leo saa kumi alasiri nilikuwa nafundisha watu wazima wangu tisa katika chumba cha mwisho cha shule ya msingi. Mwezi uliopita walikuwa kumi na wanne. Watano wamehamia kwa Shomari, ambaye hufundisha arobaini nje, kwenye kivuli cha ukuta, akiandika ukutani kwa mkaa. Chumba na ubao niliviwahi mimi. Mwalimu hodari huwahi.

Tumefika ukurasa wa kumi na mbili wa kitabu cha kusomea: Mfa maji haachi kutapatapa. Bibi Tatu, mjane wa miaka sitini mwenye ulimi kama wembe, akauliza maana yake nini na ilitoka wapi. Nikajibu bila kusita. Maana: mtu aliyefikwa na mwisho wake hufanya jitihada ya mwisho, hata kama haina tumaini. Asili: hapa hapa Unyamwezi, kwenye kivuko cha Mto Malagarasi, kwa wapagazi wetu wa misafara. Nikaandika ubaoni. Nikapiga mstari chini yake. Mistari miwili.

Mara kichwa kikaingia dirishani bila hodi. Shomari! Mzaramo, karani mstaafu wa reli, sauti kama honi ya garimoshi. Akasema methali hiyo ni ya pwani, ya bahari, na kwamba Mnyamwezi hajui maji ila ya mtungini. "Ninyi kazi yenu kubeba, mtani wangu. Mlishuka pwani na meno ya tembo, mkarudi na methali zetu kichwani. Sasa mnasema ni zenu?"

Darasa langu likacheka. Bibi Tatu akacheka hadi akashika mbavu.

Mtani hakasirikiwi. Ndiyo mila. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara: atakutukana, atakunyang'anya kuku wako, nawe utacheka. Nikacheka. Nilicheka mpaka taya likaniuma. Moyoni, moto mtupu.

Wapwani wana bahari. Wana bandari. Reli inaanzia kwao. Redio inasemea kwao. Na methali nazo wachukue? Huu ni ubepari wa maneno! Azimio la Arusha limetaifisha mabenki. Nani atataifisha methali?

Mimi. Nassibu Mahona.


Jumatano, 24 Juni 1970

Bwana Damas amekuja. Ndiye afisa wa elimu ya watu wazima: kijana, baiskeli mpya, faili kwapani. Amesikia wanafunzi wetu wamegombana bombani, wakijaza ndoo, juu ya asili ya methali. Wawili walirushiana maji. Nilifurahi. Mjadala ndio uhai wa taifa.

Lakini Damas hakuja kusifu. Alisema mwaka huu ni Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wakubwa wanataka mambo yaende sawa: ubao mmoja, sanduku moja la chaki, darasa moja, mwalimu mmoja. Jumamosi ya tarehe nne sote wawili tutaieleza methali hiyo mbele ya wanafunzi wote. Kisha kila mwanafunzi atasimama nyuma ya mwalimu anayemtaka. Atakayeshindwa, akasema, atashukuriwa.

Atashukuriwa! Nalijua neno hilo. Aliyeshukuriwa haonekani tena.

Niandike ukweli, daftari hili halisomwi na mtu. Miaka ishirini na minne nimekaa barazani na cherehani yangu hapa Gongoni. Miaka ishirini na minne watu wananisalimu kwa swali moja: "Fundi, suruali yangu iko wapi?" Miezi sita sasa wananiita Mwalimu. Nchi hii ina Mwalimu mmoja Ikulu na mmoja Gongoni. Sirudi kwenye suruali. Nife kwanza.

Lililo baya zaidi: mke wangu Mwanahawa anasoma kwa Shomari. Anasema kwangu alikaa miezi miwili kwenye herufi A, maana kila siku nilikuwa naeleza ilivyotoka Misri. Nikamwambia huo ndio msingi. Akasema, "Baba Kuluthumu, mimi nataka kusoma barua ya mwanangu, sitaki kwenda Misri." Kwa Shomari amefika ukurasa wa kumi na tisa.

Mshindi hajibizani.


Ijumaa, 26 Juni 1970

Nimepata! Baada ya sala ya Ijumaa nilisikia habari za Mzee Masolwa wa Tura. Umri umepita miaka themanini. Alibeba mizigo mwenyewe kwa mabega yake, Ujiji hadi Bagamoyo, kabla reli haijafika Tabora. Shahidi aliye hai! Shomari ana mdomo. Mimi nitakuwa na mtu.

Kesho napanda treni. Nimeahirisha koti la bwana harusi. Amelalamika kwamba ndoa ni Jumapili. Nikamwambia ndoa ni ya watu wawili, methali ni ya taifa zima. Amechukua koti lake lenye mkono mmoja, ameondoka bila kuaga. Watu hawana siasa.


Jumapili, 28 Juni 1970

Nimerudi kutoka Tura. Naandika kwa haraka, mwandiko mbaya.

Nilimkuta mzee anachonga mzinga wa nyuki. Nikamwamkia, shikamoo. Marahaba, akasema, kisha akanisalimu tena kwa Kinyamwezi, akataka ukoo wangu hadi babu wa tano, akanipa karanga, akaendelea kuchonga. Saa mbili nzima! Nilistahimili. Utafiti ni subira.

Hatimaye nikamwuliza habari za Malagarasi. Akaweka tezo chini. Akasema wakati mmoja, wakivuka kwa mtumbwi, mto umejaa, mpagazi mmoja kijana aliteleza akaanguka majini na mzigo wake. Hajui kuogelea. Akapiga maji kwa mikono, kwa miguu, kwa kichwa. Waliokwisha kuvuka walisimama ukingoni wakimwangalia. Mmoja wao, mkavu kabisa, hata nyayo hazijalowa, ndiye aliyesema maneno yale ya mfa maji.

Nikamwuliza kama yule kijana alikufa.

"Nani?"

Yule aliyeanguka!

"Alifika kwenye matete, akashika, akatoka. Mzigo ulikwenda." Akaokota tezo lake. "Ndiye mimi."

Nilisimama nikazunguka mzinga mara tatu. Sikumpata shahidi. Nimempata mfa maji mwenyewe! Nikamwuliza, kwa uangalifu wa kitaalamu, kama aliwahi kuyasikia maneno hayo kabla ya siku ile. Akasema hakumbuki, masikio yalikuwa yamejaa maji.

Hilo linatosha kabisa.

Amekubali kuja Ijumaa. Atakuja na kibuyu cha asali, zawadi yangu.


Jumanne, 30 Juni 1970

Hotuba imekamilika. Kurasa thelathini na moja. Inaanza na gharika ya Nabii Nuhu, inapitia Misri, Wajerumani, na bei ya pembe za ndovu. Ukurasa wa ishirini na nane inafika Malagarasi. Nilimsomea Mwanahawa mchana. Ukurasa wa nne alisinzia. Nikamwamsha. Akasema alikuwa anafikiri macho yamefumbwa.

Mbinu ya pili: upelelezi. Nilimtuma Bibi Tatu akakae katika darasa la Shomari siku moja, aniletee hotuba yake. Amerudi na taarifa ya kushangaza. Shomari haandai hotuba yoyote. Anafundisha kusoma tu.

Ujanja ulioje! Anajificha nyuma ya kazi.

Bibi Tatu akasema pia kwamba hatarudi kwangu. Kwa alasiri moja kule ameweza kuandika jina lake, na jina la marehemu mumewe, na tusi moja. Nimebaki na wanane. Wachache lakini imara.


Ijumaa, 3 Julai 1970

Msiba. Hakuna aliyekufa. Afadhali angekufa mtu.

Nilikwenda stesheni kumpokea Mzee Masolwa. Nilikuwa nimepanga kumpitisha njia ya nyuma mpaka kwangu. Nilisahau jambo moja: karani mstaafu wa reli hastaafu. Shomari huenda stesheni kila siku kuamkia treni. Alikuwa pale amesimama na kofia yake ya kazi kichwani, mikono nyuma, akilihesabia garimoshi mabehewa kama yake.

Mzee akashuka na fimbo, kitita na kibuyu. Akauliza yule ni nani. Nikasema hana maana, Mzaramo mmoja tu.

"Mzaramo!"

Fimbo chini. Kitita chini. Mzee wa miaka zaidi ya themanini akatimka mbio! Akamvua Shomari kofia, akaivaa yeye. "Bado hamjafa huko pwani? Nani anawalisha siku hizi?" Shomari akapiga magoti jukwaani, akalia kwa sauti kwamba ameibiwa, jamani askari, tembo wamerudi kuchukua meno yao. Mzee akamwambia anyamaze, sura kama nazi iliyoliwa na panya. Shomari akamwambia bega lake limepinda kwa mizigo ya wizi. Matusi ya kutosha kufunga mji mzima. Wote wawili wakicheka, machozi yanawatoka, wamekumbatiana. Abiria wakapiga makofi.

Mzee akasema hajapata Mzaramo wa kumtukana tangu ujana wake. Akashika tama kidogo. Akasema kaka yake alifia njiani, huko Uzaramo, wakiwa wapagazi wawili tu hawana ndugu. Waliomwosha, wakachimba kaburi, wakamwimbia nyimbo za kumdhihaki hadi shimoni kama mila inavyotaka, walikuwa Wazaramo. Watani.

Kisha akamkabidhi Shomari kibuyu cha asali. Asali yangu!

Nikamkumbusha kwa adabu kwamba kesho atatoa ushahidi dhidi ya huyu. Alinitazama kama niliyemwomba amuuze mama yake. "Mwanangu, mtani hatolewi ushahidi. Mtani anatukanwa tu."

Amelala kwa Shomari. Mwanahawa alipopata habari alikwenda uani, nikamsikia anakohoa kwa muda mrefu. Si kikohozi kile.


Jumamosi, 4 Julai 1970

USHINDI!

Niandike kwa mpangilio, kizazi kijacho kitataka kujua.

Saa kumi. Wanafunzi wote arobaini na tisa ndani ya chumba, wengine madirishani. Bwana Damas na faili lake. Mzee Masolwa mbele kabisa, amevaa kofia ya Shomari.

Shomari alitangulia. Maneno machache mno. Akasema mtu anayekufa maji hurusha mikono mpaka pumzi ya mwisho, hata ashike unyasi. Ndiyo maana yake. Asili yake alisema hajui, bibi yake alimwambia, na bibi alikuwa anaishi karibu na bahari. Akaketi. Hoja nyepesi! Hakuna Misri hata kidogo!

Nikasimama na kurasa zangu thelathini na moja. Nikakohoa. Nikafungua gharika. Hapo Shomari akanyanyuka taratibu, na kwa haki ya mtani akazichukua zote mkononi mwangu, akazigawa kwa wanafunzi. "Someni, jamani, zoezi hilo."

Wakasoma! Kila aliyepata ukurasa akausoma kwa sauti, silabi kwa silabi. Nu-hu. Fi-ra-u-ni. Wa-je-ru-ma-ni. Mwanahawa alipata ukurasa wa tisa, akausoma wote bila kukwama, akaomba mwingine. Chumba kikavuma kama mzinga. Ningekasirika ningekuwa nimevunja mila mbele ya mji mzima. Nikacheka. Mikono mitupu. Shahidi sina. Karatasi sina. Jasho hadi kisigino. Nikaona cherehani yangu. Nikasikia, wazi kabisa, "Fundi, suruali yangu iko wapi?"

Nikapanda juu ya meza.

Sikuwa nimepanga. Nilisema, "Mfa maji!" na neno la pili halikuja. Kwa hiyo nikawa yeye. Nikapiga mikono. Nikapiga miguu. Ubao ukaanguka. Chaki ikajaa hewani. Meza ikapinduka, nikaenda nayo, nikaendelea sakafuni. Na humo sakafuni maneno yakaja yenyewe, sijui yalitoka wapi, hayakuwemo katika kurasa zote thelathini na moja.

Nikapaza sauti kwamba methali hii ilitungwa na mtu mkavu! Aliyekuwa majini hakutunga kitu, alikuwa kazini! Watu wamesimama ukingoni wanasema haachi, haachi, kana kwamba kutapatapa ni kosa. Mngetaka aache? Miaka yote tunaitumia kuwachekea walioshindwa. Mwanasiasa akimwona mpinzani wake anahangaika, husema mfa maji huyo. Mkulima akipalilia shamba lililokauka, jirani husema mfa maji. Wanawake hawa walioanza kusoma na mvi kichwani, mmesikia wanavyoitwa huko mtaani? Nawaambieni, katika mto ule wote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa anafanya kitu, naye ndiye tuliyemcheka! Asichekwe atapatapaye! Wangapi walifika kwenye matete kwa sababu hawakuacha?

Bibi Tatu hakuwa anacheka.

Mzee Masolwa akainuka. "Hivyohivyo kabisa," akasema. "Ila mimi nilipiga zaidi mguu wa kushoto."

Bwana Damas, chaki kichwani, akaomba watu wasimame. Nikajifuta vumbi, nikageuka kuhesabu nyuma yangu. Wanne. Nyuma ya Shomari, arobaini na watano. Mwanahawa alikuwa miongoni mwao, anaangalia dari.

Lakini subiri!

Shomari akaondoka mahali pake. Akasema, "Jamani, mtani wangu anakufa maji na mimi nimesimama mkavu? Akifa nani atamzika? Mimi. Na ardhi ya Tabora kiangazi hiki ngumu, mgongo wangu mbovu. Afadhali tumwopoe." Akaja hadi nyuma yangu, akashika ncha ya shati langu kama mtu anayevuta kitu kizito kutoka mtoni. Mzee Masolwa akapiga kigelegele cha kiume. Watu wakacheka, wakaanza kuvuka, mmoja mmoja, kisha wote. Mwanahawa akaja wa mwisho. Akanipangusa chaki begani.

Arobaini na tisa kwa sifuri! Hata mpinzani amenipigia kura! Sijasoma popote katika historia, ya Warumi wala ya Waarabu, hoja zilizomlemea adui kiasi hicho.

Malagarasi imeshinda bahari. Methali imetaifishwa.


Jumatatu, 6 Julai 1970

Darasa la kwanza la umoja. Wote walikuja. Nilianza na msingi, yaani Misri. Baada ya nusu saa Shomari, ambaye kwa huruma yangu nimemfanya msaidizi, aliomba ruhusa awatoe nje kwenye kivuli wale wanaoona joto. Arobaini na saba waliona joto. Mwezi wa saba! Waliobaki wawili, mmoja alikuwa amelala.

Jioni Bwana Damas alipita, akawakuta wanasoma ukurasa wa ishirini na tatu, sauti moja, safi. Akaja ndani kunipongeza. Nikamwambia ndiyo faida ya uongozi thabiti. Akaandika kwenye faili.

Nyumbani Mwanahawa alisoma barua ya Kuluthumu peke yake, mara tatu, akakaa nayo mapajani. Nikamkumbusha kwamba haya ni matunda ya kazi yangu. Akasema, "Haya, Mwalimu."

Mwalimu!


Alhamisi, 9 Julai 1970

Tumemsindikiza Mzee Masolwa stesheni. Ameondoka na kofia ya Shomari. Shomari amebaki na fimbo yake. Walitukanana hadi treni ikapotea, kisha Shomari akajifuta macho, akasema moshi.

Alinifuata hadi barazani kwangu. Akaketi kwenye kigoda, akavunja desturi yake: hakutania. Alizungumza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Akasema ile ya Jumamosi ulikuwa utani. Kwamba watu walikuwa wamekwisha kumchagua yeye. Kwamba aliniona sakafuni, akakumbuka habari za kaka yake Mzee Masolwa, akasema moyoni mtani haachwi. Na kwamba maneno yale niliyosema chini yalikuwa ya kweli, mazuri kuliko yote aliyonisikia nikisema, basi nami niyasikie. Akaomba tupatane: jina la Mwalimu nibaki nalo, ubao niwaachie wanaosoma.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Sikumkatiza. Hali yake ilinigusa. Mtu ameshindwa kwa kura zote, mbele ya afisa, mbele ya mji, na bado anarusha mikono: mara utani, mara huruma, mara kupatana! Nilicheka. Kwa upole, kama achekavyo mtu aliye mahali pakavu.

Nikampa mkono, nikamwambia Jumatatu awahi, aniletee chaki.

Alipokwisha kwenda, nikamwita Mwanahawa mlangoni, nikamwonyesha mgongo wake ukishuka njia ya soko. Nikamwambia, umwone, mfa maji.

Akauliza, "Yupi?"

Maskini. Amefika ukurasa wa thelathini na bado haelewi methali nyepesi kama ile.